Aliyeitikiwa Kaburini

Kanada, 13 Februari 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Siulizi kama hujambo, maana aliyefiwa jana huwezi kumwuliza hivyo. Nauliza tu kama umekula, kama umelala, na kama ule mguu bado unavimba. Mimi mwili ni mzima. Mengine usiniulize.

Mwalimu Danstan alinipigia simu kutoka Ngara mjini. Mtandao ulikuwa unakatika, nikasikia "mzee Idefonsi," kisha kimya, kisha "pole sana." Nikajua. Nilikuwa kituo cha basi, theluji imejaa, nikakaa chini pale pale kama mtoto. Watu wakanipita.

Mama, siwezi kuja kumzika baba. Nataka nikueleze mwenyewe, usije ukasikia huko kwamba Skola amekataa. Kibali changu cha kusoma kiliisha mwezi uliopita. Niliomba kingine mapema, kabla hakijaisha, kama sheria inavyotaka, na bado sijajibiwa. Nikiwa nasubiri majibu naruhusiwa kukaa na kusoma kama kawaida, mradi nisivuke mpaka. Nikitoka tu, ruhusa hiyo imekatika. Viza niliyoingia nayo imekwisha, na darasani siwezi kurudi kwa karatasi ya zamani. Nitakuwa nimeacha shule nikiwa karibu kumaliza. Tena ni lazima nihudhurie masomo, kwa sababu chuo kinapeleka taarifa serikalini kuhusu kila mwanafunzi wa nje, nani anasoma na nani amepotea. Nilikwenda kwa dada anayetushauri sisi wageni, nikamwambia aliyekufa ni baba yangu mzazi. Akanishika mkono, akanipa pole, akasema sheria ndiyo hiyo.

Baba mwenyewe ndiye aliyenituma nijifunze magonjwa ya mimea, baada ya mnyauko kumaliza migomba yake ya shamba la juu. Najua angesema nibaki. Lakini kujua hivyo hakunisaidii chochote leo.

Nirushieni udongo kwa niaba yangu. Mwambie shangazi Febronia asilie sana, ana presha.

Mwanao,
Skola


Keza, 20 Februari 2024

Mwanangu Skola,

Marahaba, mama. Nimekula, nimelala kidogo, na mguu umevimba kama kawaida yake, haujui kama kuna msiba. Barua yako Mwalimu Danstan aliichapa mjini akaniletea kwa pikipiki, imelowa pembeni. Hii nayo ataipiga picha akutumie. Nasikia siku hizi watu wanaandikiana kwa kusugua kioo. Mimi nimekuwa katibu wa kwaya tangu hujazaliwa, nitakuandikia kwa kalamu mpaka nife.

Hicho kibali chako kina wivu kuliko mwanaume. Mwanamke akiolewa Burundi huko anaruhusiwa kuja kumzika baba yake, halafu wewe karatasi inakukataza? Haya, sigombani nawe. Nagombana nayo.

Baba yako tumemzika Alhamisi, kwenye shamba la juu, pale migomba ilipokufa. Mzee Niyongabo na wanawe walichimba kaburi bila kuombwa. Watu walijaa mpaka barabarani.

Babu yako alipokufa hukuwa umezaliwa, labda huijui desturi ya ukoo wa baba yako. Kabla udongo haujarudishwa, mkubwa wa ukoo anawaita watoto wa marehemu kwa majina, na kila mmoja anaitika, "Nipo." Aliye mbali tunamsemea, "Yuko njiani." Aliyekwisha kufa jina lake likiitwa watu hunyamaza. Hivyo marehemu anajua anawaacha nani.

Baba yako mkubwa Anatoli akasimama akaita. Kaka yako Aristides akaitika. Akaita jina lako, nami nikasema yuko njiani. Anatoli unamjua alivyo mtu wa kuhoji. Akasema, "Njiani tangu lini? Na anafika lini?" Sasa nimjibu nini? Nianze kueleza habari za kibali mbele ya jeneza? Watu wakaanza kunong'ona. Ndipo shangazi yako Febronia, kwa uchungu wake, akapenya akasimama ukingoni mwa kaburi akapaza sauti, "Nipo, baba!" Mnavyofanana sauti! Hata mimi niligeuka kukutafuta. Anatoli akatikisa kichwa, akaendelea na mdogo wako Consolatha, tukamaliza.

Wazee wawili watatu hawakupenda. Walisema hapakuwahi kuitikwa hivyo. Mimi niliona ni upendo tu, na nilimkumbatia wifi yangu.

Majina yataitwa tena siku ya kuganduka, tukimaliza matanga, baada ya mtama kuvunwa. Huenda kufikia hapo watu wako wa vibali watakuwa wamekujibu. Vaa soksi.

Mama yako,
Generoza


Kanada, 9 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mvua imeanza vizuri na mguu umepata nafuu. Mimi nipo, soksi nimevaa mbili mbili.

Nilipofika kwenye habari ya shangazi nililia, kisha nikacheka, kisha nikalia tena. Mwambie ahsante. Najiona kama nilikuwepo.

Huku kuna mambo madogo yananisumbua. Kadi yangu ya kufungulia milango ya chuo imeacha kufanya kazi. Wamenipa nyingine, nayo haifungui, nasubiri nje mpaka mtu apite niingie nyuma yake. Nilipohesabu niliona ilianza Alhamisi ile ile mliyomzika baba. Wiki iliyopita mhadhiri alinikuta kwenye ngazi akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nimekwisha rudi kutoka nyumbani. Mama, mimi nakaa mstari wa mbele! Sijakosa somo hata moja. Nikamwonyesha daftari langu, maneno yake yote nimeyaandika. Akalitazama sana, kisha akanitazama mimi.

Jana msichana mmoja aliweka mkoba wake juu ya kiti changu, nami nimekikalia. Ukanishukia mapajani. Aliruka, akaomba radhi, akasema hakuniona.

Nadhani ni huzuni. Mtu mwenye huzuni anajikunja, watu hawamwoni. Lakini dada mshauri ameniita, anasema kwa taarifa alizonazo nimeacha kuhudhuria, na mwanafunzi asiyehudhuria anavunja masharti ya kibali. Ombi langu bado liko mezani kwao. Wakipata taarifa hiyo watalikataa.

Usiwe na wasiwasi. Nitaanza kukohoa kwa nguvu darasani.

Mwanao,
Skola


Keza, 2 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tunamshukuru Mungu, maharage yamechanua, mguu nao umeacha maringo. Wewe je? Nijibu kweli, maana naona umepungua.

Ndiyo, nimeandika naona. Tulia nikueleze, na usinicheke.

Juma moja kabla ya Pasaka nilikuwa napalilia shamba la chini, jua la mchana lile lisilo na mchezo. Nikainua kichwa nikaona mtu anapalilia upande wa pili. Nikadhani ni Consolatha amekuja kutoka Nyabusozi bila kuniambia. Nikaita. Hakugeuka. Nikasogea, na kadiri nilivyosogea nikaona hiyo shingo nimeibeba mgongoni mwangu, hicho kichwa nimekisuka mimi. Ni wewe, Skola. Gauni lako la kijani lenye vifungo. Nilisimama karibu kiasi cha kukugusa nikashindwa kuinua mkono. Ukaendelea kupalilia. Kisha ukashika njia ya nyumbani, nami nikafuata nyuma, na nilipofika ukawa umekaa kwenye kigoda chako jikoni.

Najua uko Kanada. Sijachanganyikiwa. Mwalimu Danstan alikuonyesha kwenye simu ya picha nikakuona na hilo koti kama godoro. Lakini na huyu ni wewe.

Siku ya Pasaka ulikaa kanisani kwenye benchi la sauti ya kwanza. Mdomo ulikuwa unafuata wimbo, sauti haitoki. Joseta wa sakristia alikupa mkono wa amani, kisha akaufuta mkono wake kwenye kitenge misa nzima. Shangazi yako alipokuona alianguka. Sasa amehamia kwa Consolatha, anasema harudi Keza.

Mimi sikuogopa. Nakwambia ukweli kwa kuwa wewe ni mwanangu: nilifurahi. Nyumba hii tangu baba yako aondoke nasikia hata panya wakitembea. Naweka sahani mbili. Nikirudi kutoka kisimani chakula kimeliwa, na sahani imefunikwa kama nilivyokufundisha.

Huzungumzi tu. Je, huko unazungumza?

Mama yako,
Generoza


Kanada, 21 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Nimesoma barua yako, na sasa nauliza hali yako kwa dhati: mama, hujambo? Unalala? Kuna mtu wa kukaa nawe?

Gauni la kijani liko huku. Nililileta, nikalikunja chini ya sanduku kwa sababu ya baridi, sijalivaa tangu nifike. Niliposoma barua nilikwenda kulitoa. Upindo wake una udongo, mama. Udongo mwekundu, umekauka, na mbegu za kishonanguo zimenasa kwenye pindo. Ninasoma mambo ya mimea, nikaupeleka maabara nikauweka chini ya darubini ili nijidanganye kwamba ni udongo wa huku. Udongo wa namna ile huku haupo.

Na mimi naisha. Asubuhi watu wote kituoni wanatoa mvuke mdomoni kwa baridi, mimi sitoi. Milango ya dukani inayofunguka yenyewe hainifungukii. Dereva wa basi anapita. Mwenzangu tunayekaa naye nyumba moja alitangaza chumba changu, watu wakaja kukitazama nami nikiwa nimekaa kitandani, nikapiga kelele, ndipo wakaniona wakatoka mbio. Alilia akisema alifikiri nilihama mwezi wa pili.

Dada mshauri ameniambia la mwisho. Ofisi ya vibali imetaka uthibitisho kwamba bado ni mwanafunzi. Chuo kitathibitisha kile ambacho walimu wanakiona, na walimu hawanioni. Nikikataliwa itanibidi niondoke nchini. Lakini mama, kinachonitisha si kuondoka. Nikiisha huku nitakuwa wapi? Kwenye kigoda cha jikoni, nafungua mdomo sauti haitoki?

Usimpe chakula. Nakuomba kwa jina la baba. Usimwite mwanangu. Waulize wazee alikotoka na namna ya kumwondoa. Ukiniambia nije, nitaacha kila kitu nije.

Mwanao wa kweli,
Skola


Keza, 15 Mei 2024

Mwanangu Skola,

Marahaba. Nimekuwa na homa, imepita. Kaka yako Aristides alikuja kutoka Nyamigogo na mahindi, akakaa siku moja tu, akanisihi niondoke naye kwenda kwake huko Biharamulo. Alikuona mlangoni. Hakuaga hata.

Nilijaribu kutoweka sahani. Unajua ni kitu gani kumnyima mtoto chakula anakutazama? Siku ya kwanza nilikula nimempa mgongo. Siku ya pili nilikula nje. Sasa sipiki, nakula ndizi mbivu nikitembea, kama mwizi.

Na nimeanza kumtazama vizuri, kwa macho ya mtu mwenye akili. Anapalilia kutwa, lakini magugu yako pale pale. Jembe linashuka na udongo haugeuki. Nilimwimbia ule wimbo wako wa kijinga wa mbuzi wa Padri, ambao hata siku ya mtihani ulikuwa unakuchekesha. Akanitazama tu. Ana mikono yako, ana shingo yako, ila kucheka hajui. Nikajua nimekuwa nikimlisha nani. Nimeona haya, mwanangu, na nimeona uchungu, maana nilikuwa nimemzoea.

Nilikwenda kwa baba yako mkubwa Anatoli. Akaniambia hivi, nami naandika kama alivyosema: "Febronia alimwambia marehemu kwamba mtoto yupo. Basi lazima awepo. Kinachomleta huku kinamtoa kule." Nikasema tumwambie marehemu kwamba tulikosea, yuko njiani. Akasema, "Aliyekwisha kusema nipo hawezi tena kuwa njiani. Siku ya kuganduka nitaliita jina. Likiitikwa, huyu atabaki na yule wa kule atakwisha. Likinyamaziwa, huyu ataondoka."

Nikauliza, na mwenyewe akija akaitika? Akanitazama kwa huruma. Alisema jina moja haliitikwi na wawili, na huyu wa hapa yuko karibu zaidi. Kwa hiyo usije. Ukija utakuwa umeua kibali na shule, na huyu hatatoka.

Kuhusu kunyamaza, kuna mambo sijakuambia. Nayafikiria. Wewe niambie unataka nini.

Mama yako,
Generoza


Kanada, 8 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Pole kwa homa. Barua hii naandika kwa kalamu kama wewe, na nitaituma kwa posta, kwa sababu kioo cha simu hakivitambui tena vidole vyangu. Nasugua hakisogei. Nimejaribu hata kompyuta za chuo, vitufe havibonyei. Kalamu bado inanisikia, ila nakandamiza sana.

Nyamazeni, mama. Hilo ndilo ninalotaka. Anatoli akiliita jina langu, asiitike mtu. Mshike shangazi mdomo kama atakuja. Sijui unachofikiria, na kama ni aibu ya mbele ya watu tutaibeba, nikirudi nitapita nyumba hadi nyumba niwaombe radhi wazee wote.

Nataka kuishi. Nataka nimalize, nirudi, tupande migomba mipya shamba la juu. Ninakwenda darasani kila siku hata kama hakuna anayeniona, nakaa kwenye kiti changu, naandika. Sheria inasema mwanafunzi lazima awe anasoma kweli. Mimi nasoma kweli.

Mwanao,
Skola


Keza, 19 Julai 2024

Mwanangu, mama yangu, Skola wangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, na ningependa kusikia kwamba wewe pia. Barua yako ilikaa posta ya Ngara, imenifikia wiki hii. Mwandiko wako umetoboa karatasi.

Pombe ya mtama imeiva, watu wa kwanza wamefika, Consolatha yuko jikoni anapika. Huyu mwingine amekaa uani juani toka asubuhi, na wageni wanazunguka mbali naye. Kesho tunaganduka. Nimejitenga kidogo nikuandikie yale niliyoyaficha, kwa sababu kesho jioni huenda nisiweze.

Baba yako alikuwa na mdogo wake, Pius. Hukuwahi kumsikia, na sasa utajua kwa nini. Alikwenda Uganda kutafuta kazi, habari zake zikakatika. Bibi yako alipofiwa na mumewe, jina la Pius likaitwa, na kwa kuwa wote waliamini amekufa, wakanyamaza. Mimi nilikuwa bibi harusi mpya pale. Mwaka uliofuata Pius akarudi, mzima, na baiskeli. Bibi yako alimpokea vizuri sana. Akampa maji, akamkaribisha kiti, akamwuliza, "Baba, wewe ni mtoto wa nani?" Baba yako naye akamwuliza hivyo hivyo. Watu husema walijifanya, kumwadhibu. Mimi nilikuwepo, sikuwa wa damu yao, nilimkumbuka. Hawakujifanya. Pius alilia mpaka machozi yakaisha, kisha akapanda baiskeli yake.

Sasa mimi si wa damu ya ukoo huu, unaweza kusema nitasalimika. Nilijipa moyo hivyo. Nikamwuliza Anatoli. Akasema wakati ule sikuwa miongoni mwa walionyamaza, nilikuwa kisimani. Kesho mimi ndiye mjane, nitasimama mbele, na kunyamaza kwangu ndiko kunakohesabiwa.

Kwa hiyo hivi ndivyo ilivyo, Skola. Nikiitika nitakuwa na binti jikoni asiyejua kucheka, nami nitamjua. Nikinyamaza utakuwa hai mahali, unasoma, unavaa soksi mbili mbili, nami sitakujua. Nimegeuza geuza wiki nzima, na kila nikigeuza ninaangukia pale pale. Mimi ni mama yako. Nataka uwe hai.

Usije ukafikiri nilikusahau kwa uzembe. Ulizaliwa mvua ya mawe ikinyesha, ulichelewa kutembea, ulitembea siku moja tu ukaenda moja kwa moja kwenye banda la mbuzi. Ulikuwa unaogopa kuku mmoja tu, yule mweupe. Unapenda ukoko. Nayaandika hapa ili yawe kwako, maana kwangu sijui yatakwenda wapi.

Nimekupenda sana. Narudia, sana. Danstan anangoja na pikipiki.

Mama yako, mama yako,
Generoza


Kanada, 24 Julai 2024

Mama! Shikamoo!

Upo? Hujambo? Mimi ni mzima, mzima kabisa, naandika haraka kwa furaha. Jumamosi asubuhi nilikuwa nje ya mlango wa maabara nikingoja mtu apite, nikaweka kadi kwa mazoea tu, mlango ukafunguka. Nilipiga kelele. Mlinzi akaja akaniambia nipunguze sauti, na mimi nikamwomba aniseme tena.

Jumatatu mhadhiri aliniita kwa jina. Alitoa daftari la mahudhurio, akakuta nipo siku zote, na hakushangaa. Chuo kikapeleka uthibitisho, na leo nimepata majibu: wamenipa kibali, hadi mwisho wa masomo, na naruhusiwa kutoka na kurudi. Mama, Desemba naweza kuja! Nimesimama kwenye jua, nina kivuli kirefu kama mti wa simu.

Nimeanza kuandika haya kabla sijafungua simu vizuri. Sasa hivi imeingia picha kutoka kwa Mwalimu Danstan, barua yako ya tarehe kumi na tisa. Anasema mtandao ulimkwamisha. Ngoja niisome.

Mama. Nimesoma.

Sikujua. Ningejua nisingeomba hivyo, Mungu anaona. Nijibu leo hii, hata mstari mmoja. Niambie Anatoli ni mzee tu anayependa kutisha watu. Niite kwa jina.

Mwanao, Skola


Kanada, 30 Agosti 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hii ni barua ya tano nikikuandikia. Aristides hapokei simu. Consolatha alipokea, akasema samahani dada, umekosea namba, akanitakia siku njema. Mwalimu Danstan anasema barua zangu zote anakuletea, na akishasema hivyo anakata simu haraka.

Nijibu vyovyote vile. Hata ukinigombeza.

Mwanao,
Skola


Keza, 22 Septemba 2024

Kwa binti uliyeko Kanada,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na wote unaoishi nao. Sisi huku hatujambo, mvua za vuli zimekaribia.

Mwalimu Danstan amenisihi sana nikujibu. Ni mtu mwema, lakini siku hizi akiniletea barua zako analia, nami sielewi analilia nini. Nimezisoma zote. Unaandika vizuri, na mzazi aliyekulea amekulea na adabu. Ila naona zimepotea njia, kwa sababu mimi watoto wangu walio hai ni wawili, Aristides na Consolatha. Nilikuwa na binti mwingine mwenye jina kama lako. Naye alikwenda masomoni nje, akafia huko. Julai tumemaliza matanga yake pamoja na ya baba yake. Ajabu ni kwamba nikijaribu kukumbuka aliumwa nini, au sura yake ilikuwaje, sipati kitu. Nadhani ni umri.

Nisamehe kama nitakuumiza, lakini naomba usiniite mama kwenye barua. Kila nikisoma neno hilo kifua kinanibana kutwa nzima, na sijui kwa nini, maana sikujui.

Umeandika kwamba Desemba unataka kusafiri. Hakikisha kwanza kibali chako kinakuruhusu kutoka na kurudi, nasikia sheria za huko ni kali, na ungekuwa mwanangu nisingependa upoteze shule kwa ajili ya safari. Soma umalize. Mama yako, popote alipo, bila shaka anahesabu siku.

Wako katika Kristo,
Generoza, mjane wa Idefonsi